Mtoto wa Degedege Hachomwi Sindano

Siku hiyo uani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu wa miaka mitatu, bibi mwenye nyumba, na mama wa Kichaga aliyepanga chumba cha mbele. Wazazi walikuwa wamefariki. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikawa nakaanga vitumbua kuwalea wadogo zangu.

Adhuhuri mtoto alikakamaa mikononi mwangu. Macho yakageuka meupe, meno yakabana. Mdogo wangu alipofungua kinywa, bibi alimziba kwa kiganja.

"Usilitaje! Likisikia jina lake linarudi."

Pale Kariakoo neno degedege halikutamkwa mbele ya mgonjwa. Tulisema "kile kitu cha watoto". Na lilikuwa na sharti moja: mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Sikuambiwa tu. Mdogo wetu mwingine alichomwa zahanati, akarudi nyumbani amefunikwa khanga.

Bibi alimfunika mtoto kaniki, akamfukizia. Moshi ukajaa uani. Mama wa Kichaga akatoka, mikono ina unga.

"Hiyo ni malaria imepanda kichwani. Tumpeleke."

"Nyie wa bara mnajua nini?" bibi akamjibu. "Mnajua pombe yenu ya mbege tu."

"Mbege tunaijua, bibi, na malaria tunaijua. Dada, nipe mtoto."

Nikaegemea mlango wa kutokea. "Nakuheshimu, mama, lakini huyu hutoki naye."

Tulibaki hivyo. Mtoto akakakamaa mara ya pili, kisha ya tatu, na kila mara alichelewa zaidi kuzinduka. Alasiri ilipoadhiniwa, yule mama akaniuliza taratibu:

"Yule wa kwanza, aliyekufa, alianza lini?"

"Jumatatu."

"Mkampeleka lini?"

"Alhamisi."

Nikahesabu: siku tatu nyumbani, kabla ya sindano yoyote. Nikaupisha mlango, tukatoka naye.

Zahanati walimchoma. Nilimkodolea macho nikingoja afe. Akalia.

Alipona, ila sikio la kulia halikusikia tena. Mganga wa zahanati alikuwa ameuliza degedege lilianza saa ngapi. Nikasema, "Sasa hivi tu, alasiri." Yule mama alinitazama, akampangusa mtoto jasho.

Sasa kitindamimba wetu ana watoto wake. Huwasimulia jinsi shangazi yao alivyombeba mbio hadi zahanati, huku akiwageuzia sikio la kushoto ili asikie maswali yao. Nami huinamia sahani yangu. Ananidai ukweli wa mchana ule, na mpaka leo sijamlipa.