Gari Jeupe la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinunua gari mwaka uleule tulipohamia kwenye nyumba yetu Sombetini ikiwa bado pagale. Nasema kweli, sikufurahi. Alinipigia simu akiwa yadi ya magari, sauti yake nyepesi kama ya msichana wa shule. "Dada, nimelipa malipo ya awali. Mengine nitakuwa nakatwa kila mwezi. Naondoka nalo leo." Nikamjibu, "Hongera, Mungu akuzidishie." Kisha nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa kiti chetu cha sebuleni, nikautazama ukuta usio na plasta mpaka chai ikapoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ni karani katika kampuni ndogo inayopeleka watalii mbugani. Mishahara yetu inakaribiana sana. Alikuwa amepanga vyumba viwili Ngarenaro, yeye na binti yake. Mimi na mume wangu, fundi wa kuchomelea, tulijinyima miaka saba. Kiwanja kikawa msingi, msingi ukawa kuta, kuta zikaezekwa, na tukahamia ili kuikimbia kodi. Vyumba viwili tu vilikuwa na madirisha. Sebule na jiko tuliziba kwa mbao na turubai. Baridi ya Julai iliposhuka kutoka mlimani, tulikunywa chai tumevaa makoti.

Nilikuwa nimetegemea kwamba watu wangeniheshimu kwa ile nyumba. Lakini nyumba haitembei. Ndugu zetu walioko juu Meruni, kwenye migomba ya mama, wengi wao hawajawahi kuiona. Gari la mdogo wangu waliliona kila Jumapili likiingia uani taratibu, jeupe, limeoshwa. Mimi nilifika kwa bodaboda, kitenge kimefunika pua na vumbi limeganda kwenye nyusi, nikamkuta ameshakalishwa na kupewa bakuli la loshoro, ndizi na maziwa kama tunavyopika kwetu. Shangazi zangu walimwuliza habari za safari. Mimi waliniuliza kwa nini nimechelewa.

Mama yetu ana presha na sukari, na kila mwezi huenda kliniki mjini. Mdogo wangu alipopata gari, kazi ya kumpeleka ikawa yake. Siku moja nilikuwa nimekaa na mama jikoni, anamenya ndizi, nikamwambia, "Mama, njoo ulale kwangu hata siku mbili, uione nyumba ya mwanao."

"Nitakuja," akasema. "Ni nyumba nzuri, wameniambia. Ila nyumba haiwezi kunipeleka hospitali."

Hakuwa na nia mbaya. Aliendelea kumenya. Lakini neno lile niliondoka nalo, nikalala nalo, nikafundisha nalo hesabu wiki nzima.

Wakati huo tulikuwa tumeomba mkopo wa mshahara kwa ajili ya madirisha na plasta. Fundi wa vioo alishapima matundu yote. Mume wangu alishachomelea nondo za madirisha kwa mikono yake, amezipaka rangi nyeusi na kuziegemeza ukutani zikisubiri. Fedha zilipoingia nikamwambia nataka gari.

Akauliza, "Gari la nini?"

"La kumpeleka mama kliniki."

"Si anapelekwa?"

"Anapelekwa na mwingine."

Akasema, "Mke wangu, mkopo ni wa mshahara wako, siwezi kukushika mkono. Lakini mvua za masika zitaingia sebuleni, na wewe unajua."

Nilijua. Nikaenda yadi hata hivyo, nikachagua gari la rangi ya fedha ambalo kwa macho niliona linalizidi la mdogo wangu urefu kwa kiganja kimoja. Kwa sababu hiyo tu nililichukua, nikaacha lingine lililokuwa na injini nzuri zaidi. Leseni nilikuwa nayo, ila mikono yangu ilikuwa bado mizito kwenye usukani.

Sikumwambia mdogo wangu. Likizo ilipofika, siku ya kliniki, niliwahi kwa mama alfajiri. "Shikamoo mama. Leo nakupeleka mimi." Mama akastaajabu, akavaa viatu vyake vya kanisani, akafunga mlango, tukashuka. Njia nzima nilingoja asifu gari. Kwenye kona ya tatu akaomba nisimame, akatapika pembeni mwa barabara. "Mwenzako hupunguza mwendo hapa," akasema huku akijifuta.

Hospitalini mhudumu wa mapokezi akaomba kadi ya kliniki. Nikamtazama mama. "Anayo mdogo wako," akasema. "Iko kwenye gari lake." Mhudumu akauliza mgonjwa anatumia dawa zipi. Nilijua kwamba moja ni nyeupe na nyingine ya waridi. Akatuambia tukae pembeni.

Nilipotoa simu kwenye mkoba nikakuta mdogo wangu amepiga mara tisa. Nikampigia. Hakunisalimia. "Mama yuko wapi?" Alikuwa amefika nyumbani akakuta mlango umefungwa na kuku hawajafunguliwa. Jirani akamwambia ameona mama anaingizwa kwenye gari asilolijua. Alidhani amezidiwa, akawa anazunguka hospitali moja baada ya nyingine.

Alifika macho yamevimba. Mkononi alishika faili la plastiki lenye kadi ya mama, majina ya dawa yameandikwa kwa mwandiko wake wa karani, na vipimo vya miezi yote vimepangwa. Alibeba pia chupa ya uji, kwa kuwa mama hutolewa damu kabla ya kula. Akampa mhudumu kadi, akamfunika mama mabega kwa khanga. Na mimi, katika aibu yangu yote, nililionea wivu hata lile faili.

Mama alipoingia kwa daktari tukabaki wawili kwenye benchi.

"Dada, ungetaka kumpeleka si ungeniambia tu. Ningekupa kadi."

Nikasema, "Nimenunua gari."

"Nimeliona hapo nje." Akauliza, "Na madirisha?"

"Bado."

Akaweka mikono magotini. Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa amemficha kila mtu. Kabla ya gari alikuwa amenunua kiwanja. Alimlipa mwenye eneo bei yote, kwa fedha alizoweka miaka mitano. Alipokwenda na fundi wa kuchimba msingi, akamkuta mtu mwingine anachimba, naye ana karatasi zake kutoka kwa muuzaji yuleyule. Muuzaji alishahama. "Niliona aibu kuwaambia," akasema. "Nikachukua gari kwa mkopo. Gari ukilifunga, ufunguo unakaa kwako. Kila ninapokuja kwako naziangalia kuta zako, sisemi kitu."

Nilimshika mkono. Nilimhurumia kweli. Lakini nitakuwa mwongo nisipoongeza kwamba nilisikia pia raha ndogo, chafu, kwa kujua kwamba alikuwa ananionea wivu.

Lile gari la fedha nililiuza baada ya miezi minane, kwa hasara, kwa sababu mafuta na matengenezo vilikuwa vinakula chakula cha nyumbani. Makato ya mkopo yaliendelea kutoka kwenye mshahara wangu miaka mitatu mingine. Masika yalipokuja maji yaliingia sebuleni kama mume wangu alivyosema, naye alifagia bila kunikumbusha neno lolote. Madirisha tuliyaweka moja moja. Mama alikuja kulala kwetu lilipobaki moja, akasema sebule ina mwanga mzuri, na mdogo wangu ndiye aliyemleta.

Mwaka huu mdogo wangu amemaliza kulipia gari, akanunua kiwanja kingine, safari hii kwa kufuata ofisi zote. Aliniomba niende naye siku ya kupima, kwa kuwa mimi nimeshapitia hayo. Nilimshikia ncha ya kamba, yeye akavuta ile nyingine. Kiwanja kiko kona, kina barabara pande mbili. Changu kimebanwa katikati ya nyumba za watu. Nililiona hilo kabla sijafungua mdomo kumpongeza.

Nilimpongeza, tukakumbatiana. Jioni, tukiwa mezani, nikamwambia mume wangu kwamba kiwanja ni kizuri.

"Vizuri," akasema.

"Kiko kona," nikasema.

Akaniangalia, akanisogezea bakuli la mboga, akaendelea kula.