Chumba cha Mama, Maziwa au Buluu

Watu waliniambia sitoweza kumtoa mama mtaani kwetu Jang'ombe. Nitarudi kutoka Maskati na sanduku tupu, walisema, na Mji Mkongwe nitaendelea kupita njia tu. Nilirudi na stashahada ya ujenzi, nikachukua ghorofa ya pili huko huko Mji Mkongwe kwa jasho langu, wala sikubebwa na mtu. Lakini mama alikataa kuhama. Nikajipa moyo kwamba chumba kikipendeza atakubali, na rangi ya chumba hicho ilinichosha kuliko miaka yote ya ughaibuni.

Nilipaka viraka viwili ukutani, kimoja rangi ya maziwa, kingine buluu hafifu. Asubuhi nilipenda maziwa. Alasiri jua likapiga ukuta wa waridi wa jirani, ng'ambo ya uchochoro, na maziwa yangu yakawa kama ufizi. Buluu nayo ikageuka majivu. Ilikuwa hivyo kila siku, na kwetu Ramadhani haiingii kwenye nyumba isiyopakwa.

Jirani, Mhindi muuza vitambaa, aliniona dirishani.

"Bwana Stashahada, chuoni hawakukufundisha kuchagua?"

"Walinifundisha. Ukuta wako ndio haukusoma."

Nikamleta mama aamue mwenyewe. Alipanda polepole, mkono ukutani, nikamkalisha kitini.

"Mama, ipi?"

"Zote nzuri, mwanangu."

"Chagua moja."

"Basi hiyo buluu." Akanyoosha kidole kwenye maziwa.

Nilidhani utani. Nikamuuliza mlango uko wapi. Akageukia ukuta mtupu.

"Kwangu naujua kwa mkono," akasema taratibu. "Hapa ntapotea. Ndiyo maana sitaki kuhama."

Nilikaa sakafuni. Siku zote hizo nilikuwa nikilinganisha rangi ambazo kwake zilikuwa moja.

Nikapaka kuta zote maziwa. Mlango, fremu ya dirisha, na ukanda wa ukutani, kimo cha kiuno, unaokwenda hadi msalani, nikavipiga buluu iliyokoza kama wino, ionekane hata kwa macho yaliyofifia. Nikamwita tena. Alisimama katikati ya chumba, kisha akaenda moja kwa moja mlangoni, akashika kitasa bila kupapasa.

"Nletee godoro langu," akasema.

Alipohamia, nikaanza kurudisha vitu vya watu nilivyoazima: ngazi ya jirani, ndoo za mpangaji wa chini, brashi za binamu yangu. Kila mmoja nilimpa chake mkononi, kikiwa kisafi kuliko alivyonipa. Kisha nikajilaza kwenye mkeka wa mama, mgongo ukiniuma, nikalala mpaka akaniamsha kwa sala ya Alasiri.