Wasichana wa Kitabuni

Macho yangu yamedhoofika, nami namshukuru Mungu kwamba mjukuu wangu hunisomea. Majuzi alinisomea riwaya ya wasichana wawili waliopendana kwenye shule ya bweni, hadi mmoja akafukuzwa. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Ijumaa jumuiya yetu ya kanisa ilikutana kusali mtaani Granville, huku ugenini tunakoishi. Desturi yetu ni kila mtu kumtaja anayetaka aombewe. Zamu yake ilipofika, mjukuu wangu aliwataja wale wasichana wawili wa riwaya waliopendana.

"We mtoto, watu wa hadithi nao huombewa?" mama mmoja aliuliza, watu wakacheka. "Hao watubu kwanza!"

Mjukuu wangu aliinamisha kichwa, akaushika mkono wangu. Nikaelewa kwamba alikuwa akijiombea mwenyewe.

Nilikumbuka shule yangu ya masista, na rafiki yangu aliyelala kitanda kilichopakana na changu. Alifukuzwa kwa jambo hilohilo. Godoro lake lilikunjwa, na tukakatazwa kumtaja hata katika sala.

Zamu yangu ilifuata. Niliwaombea wasichana wa kitabuni, kisha nikamtaja rafiki yangu kwa jina. Hakuna aliyeitikia ila mjukuu wangu, naye alikuwa akilia.