Dawa za Baba Mdogo na Usukani

Niliporudi kutoka Uingereza na diploma ya ufundi wa magari, ambayo karo yake niliilipa mwenyewe kwa kuosha sahani, nilinunua pikapu. Upande wetu wa Nyamira hakuna aliyekuwa nayo. Nilimpa baba mdogo usukani. Alikuwa amemzika mkewe, akalala kitandani hadi tukampeleka hospitali, akapewa vidonge vya huzuni. Kazi ndiyo iliyomwinua.

Kila Jumapili tulipeleka ndizi Kisii. Asubuhi moja, kwenye mteremko, gari likaanza kuhama kuelekea mtaroni. Nikaukamata usukani.

“Baba, umelala!”

“Nilikuwa naomba.”

“Macho yamefungwa?”

“Huko Ulaya wanaomba macho wazi?”

Jumatatu aliendesha vizuri kabisa. Jumapili iliyofuata, ulimi mzito, macho mekundu. Nikajua ni pombe ya busaa. Msabato mzima, anangoja Sabato iishe aanze kunywa! Lakini kwetu mtu hamsogelei baba yake mdogo kumnusa mdomo. Basi Jumamosi jioni nikaenda kuketi uani kwake, nikijifanya nimekuja kusalimia.

Jua lilipozama akatoka na kikombe. Nikaomba nionje. Maji matupu. Akafungua kiganja: vidonge viwili.

“Si uliambiwa kimoja kila usiku?”

“Kimoja cha leo, kimoja cha jana. Ijumaa jua likizama ni Sabato. Kila kitu kinapumzika, hata dawa.”

“Ndiyo maana Jumapili unasinzia! Kesho naendesha mimi.”

“Ukininyang’anya usukani nitarudi kitandani,” akasema. “Safari hii msinibebe.”

Kesho yake ndizi hazikwenda Kisii. Hata hivyo nilibaki na wasiwasi. Pengine alikuwa na chupa ndani. Jumatatu nikampeleka kwa daktari, nikasimama hapo hapo nisikie kwa masikio yangu. Daktari akamkataza kuvijumlisha: kimoja kila usiku, Sabato pia, na asiendeshe mpaka yeye mwenyewe ahakikishe usingizi umemtoka. Akamwonya pia asiviache ghafla.

Baba mdogo akauliza, “Daktari, wewe ni wa kanisa gani?”

“Katoliki.”

“Nilijua tu.”

Huko nje akanipa ufunguo, akapanda upande wa abiria. Tangu hapo alinisimamia kila kona: “Gia! Diploma hiyo ilikufundisha breki peke yake?” Lakini kila alfajiri ya Jumapili nilimkuta amekwisha kuamka, ameketi ndani ya pikapu, ananingoja.