Jibini Iliyonuka Hadi kwa Jirani

Juzi kazini tulimuaga mwenzetu anayestaafu. Mezani mtu alikuwa ameweka ubao wa jibini za kila aina: ngumu ya manjano, laini inayotiririka kama uji mzito, na moja yenye mishipa ya bluu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wakati mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliponisogezea bakuli la zabibu na kuniambia kwa upole, "Si lazima ule hiyo. Najua nyinyi watu wa Kongo hamna mambo ya jibini." Nikakata kipande cha ile ya bluu, kikubwa kuliko adabu inavyoruhusu, nikakila huku nikimtazama. Ningemjibu tungekesha pale, maana ningelazimika kuanza na tate.

Acha basi nikueleze wewe, ambaye una nafasi ya kusikiliza.

Tate ndivyo sisi wa Kivu tunavyomwita bibi. Tate wangu, mama yake mama, alitufuata London nilipokuwa bado shule ya msingi. Tulikaa Thornton Heath, kwenye nyumba nyembamba ya barabara kuu: chini kulikuwa na saluni ya kusuka nywele, katikati aliishi mzee mmoja Mwingereza peke yake, na juu kabisa sisi. Jiko letu lilikuwa dogo kiasi kwamba mmoja akifungua friji mwingine anatoka. Kutoka saluni zilipanda sauti za mashine za kukausha nywele na za wanawake wakibishana mchungaji wa nani anahubiri vizuri zaidi. Mama alifanya kazi kwenye makao ya wazee, akitoka alfajiri na kurudi miguu imevimba. Nikimkumbuka wakati ule, neno ninalomsikia akilisema ni moja tu: sori. Sori kwa dereva wa basi, sori kwa mtu aliyemkanyaga yeye, sori kwa mlango uliogoma kufunguka. "Sisi hapa tumepokelewa," aliniambia. "Usijifanye uonekane."

Tate hakuwa na neno hilo. Alitoka Masisi, kwenye milima ya baridi ambako ng'ombe hulala nje kwenye ukungu, na watu hutengeneza jibini za duara zenye ukubwa wa sahani na kuziteremsha Goma kwa vikapu. Fromaji, ndivyo tunavyoiita kwetu. Kazi hiyo ilianzishwa na mapadri wa Kizungu, na tate hakulikataa hilo, ila aliongeza kwamba mapadri walikwenda zao na ng'ombe wakabaki. Yeye na babu walikuwa na chumba chao cha jibini nyuma ya nyumba, na walipokezana kuzipaka maji ya chumvi na kuzigeuza kila siku ili zisioze upande mmoja. Mimi niliondoka kule nikiwa mdogo mno. Nilibakiwa na ubaridi wa sakafu ya kile chumba chini ya nyayo, basi.

Wiki yake ya kwanza mama alimwekea mkate na zile jibini za dukani, vipande laini vya rangi ya machungwa, kila kimoja ndani ya plastiki yake. Tate alitafuna. Akaacha kutafuna. Akakitoa mdomoni, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni kitu gani?"

"Fromaji, mama," mama akasema.

"Nani alikuambia?"

Mama akasema ndiyo iliyopo. Tate akasema haiwezekani nchi yenye majani mabichi namna hii, aliyoyaona kwenye dirisha la treni, iwe inakula kitu kama hiki. Jumamosi iliyofuata, mama akiwa kazini, aliniambia nivae koti.

Tulipanda mabasi, tukashuka Lewisham. Sokoni tulipita ndizi, viazi vitamu, mabakuli ya pilipili, mpaka kwenye ukingo ambako wakulima waliotoka mbali walipanga meza zao. Huko alikuwepo mama mmoja wa Kiingereza, mikono myekundu kwa baridi, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, na mbele yake jibini ambazo sijawahi kuziona: ndogo nyeupe zilizoviringishwa kwenye majivu, moja iliyofungwa kwa majani yanayowasha, moja ya bluu, na pembeni kabisa, kama mtoto mkorofi aliyetengwa na wenzake, jibini yenye ganda la kunata, rangi ya matofali, inayonuka zizi lililonyeshewa.

Tate aliinyooshea kidole hiyo. Mama wa jibini akaniinamia. "Mwambie bibi yako hiyo ni kali sana. Aanze na laini."

Nikatafsiri. Tate akasema, "Mwambie na mimi niko mkali."

Nililitafsiri hilo kwa sauti ya chini, masikio yakiniwaka, maana watu walikuwa wamesimama nyuma yetu na mmoja alikuwa anavuta pumzi ya kukosa subira. Tate hakugeuka. Alipokea kile kipande kwa mikono miwili, akakinusa kwa muda mrefu, akakila na ganda lake. Halafu akafumba macho. Kisha akaonja zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, hatua kwa hatua akisogea upande kama mtu anayesalimia wageni kwenye harusi. Ya majivu alisema mbuzi wake amekula vizuri. Ya bluu alisema imeoza na ni aibu kuiuza. Wiki tatu baadaye nilimkuta anaomba kipande kingine, na nilipomtazama akaniambia nitazame mbele. Mama wa jibini alianza kumsubiri. Hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini nilizoea kuwaona wameinamia kipande kimoja, mmoja akibonyeza ganda kwa kidole gumba na mwingine akitikisa kichwa, mimi nikiwa sina kazi.

Jumamosi zangu zikawa hizo. Wenzangu shuleni walikuwa na katuni, mimi nilikuwa na tate, basi na mfuko wa karatasi uliofanya watu wahame viti. Tulirudi nyumbani tukachemsha viazi, tukavipasua vikiwa moto, tukaviwekea ile jibini kali mpaka ikayeyuka na kuingia kwenye nyufa. Siku nyingine tulikaanga sambusa zilizojazwa jibini ya mbuzi na kitunguu, au alikunja chapati juu ya kipande kigumu na kuibana kwenye kikaango kwa kifuniko cha sufuria. Mpaka leo nikisikia jibini ikichuruzika kwenye chuma cha moto, mate yananijaa.

Mama alirudi akafungua madirisha yote, hata Januari.

"Mama, majirani wataongea."

"Waongee. Hawana midomo?"

"Hapa si kwetu."

"Mimi niko nalala hapa," tate akasema. "Kwetu ni wapi basi?"

Mama hakuila jibini hiyo. Alikula viazi vitupu, akiwa amesimama karibu na dirisha. Nilidhani anaona aibu kama nilivyoiona mimi kwenye basi.

Ikafika Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, mama bado na kitenge chake cha ibada. Tate alikuwa na kipande kipya cha ile kali mezani, akisubiri viazi viive. Mlango ukagongwa. Alikuwa yule mzee wa katikati, na mwanaye wa kiume, mtu wa makamo aliyemtembelea. Mwana ndiye aliyesema. Alisema baba yake hapati usingizi kwa harufu. Alisema imeingia mpaka kwenye mapazia. Alisema wanaelewa watu wana desturi zao, lakini hiki chakula cha Kiafrika kimezidi, na kama haitakoma watakwenda kwa mwenye nyumba.

Mama alishaanza. Sori, sori sana, tutafungua dirisha, sori. Alikuwa ameinama kidogo, kama anavyoinama mtu anayeokota kitu.

"Anasema nini?" tate akaniuliza kutoka mezani.

Mama akanitolea jicho ninyamaze. Lakini tate alikuwa ameniuliza mimi, na kwetu mtu mzima akikuuliza unajibu. Nikamwambia yote, na lile la chakula cha Kiafrika nikalisema kama lilivyosemwa.

Tate aliinuka. Aliichukua jibini pamoja na karatasi yake, akaja nayo mlangoni akiibeba kwenye viganja. Yule mzee akarudi nyuma hatua moja. "Soma," tate akaniambia, akiigeuza karatasi upande wenye mchoro wa kilima na ng'ombe. "Soma kwa sauti, kwa Kiingereza yao."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa jina la shamba, kwamba jibini ile imetengenezwa kwa mkono huko Somerset, hapa hapa Uingereza, kwa maziwa ya ng'ombe wa pale pale, na ganda lake huoshwa kwa pombe ya matofaa.

Yule mwana aliisoma ile karatasi mwenyewe, midomo ikitembea. "Waulize," tate akasema, "Somerset iko upande gani wa Afrika."

Sikuwahi kulitafsiri swali hilo, kwa sababu mama alinitangulia. Alikuwa amenyooka. Sijui ni lini alinyooka, lakini nilipomtazama alikuwa mrefu kuliko yule mwana. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno peke yake, "Hiki ni chakula chetu cha mchana. Mtaendelea kukisikia. Jumapili njema." Akafunga mlango, wala hakuubamiza.

Halafu akakaa mezani na kitenge chake, akakata kipande, akakila. Alitafuna kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Siku ile tunakimbia," akasema, "baba alikuwa amezitia chumvi asubuhi. Rafu zimejaa. Tulipofika barabarani nilikuwa nawaza nani atazigeuza. Watu wanapigwa risasi, na mimi nawaza fromaji. Nimejichukia kwa hilo miaka yote."

Tate akamwekea kiazi kwenye sahani. "Mimi pia niliwaza," akasema. "Kula."

Usidhani yule jirani aliomba radhi. Hakuomba. Aliendelea kugonga dari yake kwa fimbo, kwa harufu ya samaki, kwa maharage, kwa nyimbo zetu za Jumapili, na mwenye nyumba alikuja mara moja, akanusa, akaondoka. Tate alianza kununua vipande vikubwa zaidi. Na mama alipopata Jumamosi ya mapumziko alikuja nasi Lewisham, akamwambia mama wa jibini kwamba sisi pia tulikuwa watu wa kazi hiyo. Wiki iliyofuata yule mama alituletea maziwa mabichi kwenye chupa kubwa na kichupa cha dawa ya kugandishia. Tuligandisha kwenye sufuria ya ugali, tukakamua kwa kitambaa cha nepi mpya, tukakandamiza kwa kopo la nyanya na Biblia ya mama juu yake. Jibini ilitoka ndogo, imepinda upande mmoja, na chumvi nyingi mno.

"Siyo ya Masisi," mama akasema, akionja.

"Nani alisema ya Masisi?" tate akajibu. "Hii ya Thornton Heath."

Alizigeuza nyingine nyingi kabla ya kufariki. Kwenye msiba akina mama wa kanisa walileta sombe la majani ya muhogo, wali na samaki wa kukaanga, na mama yangu akaweka katikati ya meza lile ganda la rangi ya matofali. Mzee mmoja wa kanisa akasema kwa heshima kwamba pengine hicho si chakula cha matanga. Mama akamwambia, "Ndicho alichokipenda. Asiyetaka, wali uko pale." Wakala. Wengine walikunja uso wakala. Mama aliwatazama mpaka sahani ikawa tupu.

Leo meza ya Lewisham haipo. Yule mama aliugua mgongo na hakuna aliyeirithi. Ile nyumba imebomolewa. Wanangu naongea nao Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Na kule milimani, watu wa Goma wakinipigia simu nikiuliza habari za jibini, wananiambia inategemea barabara iko mikononi mwa nani wiki hiyo. Kuna vilima vizima ambavyo hakuna tena ng'ombe hata mmoja.

Najua hapa ndipo msimulizi hushusha pumzi na kusema ndiyo dunia, mambo hupita. Mimi sisemi. Meza ya yule mama wa Kiingereza ilipita, sawa, mgongo ni mgongo. Lakini chumba cha tate hakikupita. Kilichukuliwa. Wapo watu waliokuja na bunduki, wakala kilichokuwa kwenye rafu, wakachinja ng'ombe waliobaki, na watu hao wana majina na wengine wao wanalala vizuri usiku. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wetu hawana mambo ya jibini, ninakata kipande kingine. Tulikuwa nayo.