Nilifunga Soko la Murara Maharage Yakiwa Bado Jikoni

Acha niitue aibu chini mwenyewe, maana hapa mtaani Murara hata mbuzi wanaijua: mimi Justin, mwenye diploma ya masomo ya jioni (iko ukutani sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi ya wazazi, na mama bado analalamika), niliwatukana majirani zangu wote kwa barua moja, siku ileile walipokuwa wamejaa uani kwetu wakitaka kununua. Mukisikia mutu anasema kwamba nililia, ni uongo. Nilisema ni moshi, wakanikumbusha kwamba lile jiko ninalouza halitoi moshi, yakaishia hapo.

Kazi ilikuwa hivi. Kuna mama mmoja ana kampuni kule Himbi, anauza mbabula za kisasa, yaani majiko yanayokula makala (makaa) kidogo sana. Kila muuzaji alipewa lien yake, yale maandishi ya bluu ambayo unayatuma kwa e-mail, mutu akiyabonyeza na kuagiza, kompyuta inajua ametoka kwako na komisyon inakuja kwako. Sasa Jumamosi hiyo Mama Directrice (ndivyo tulivyomwita huyo mwenye kampuni) alikuwa anachagua nani atakuwa chef, yaani mkuu, wa mauzo wa Murara yote, na mimi niliitaka hiyo nafasi kuliko chakula, tena mama yangu alikuwa ameshatangaza kwenye kwaya kwamba ni yangu. Kuikosa ilikuwa ni kuhama kanisa.

Basi asubuhi nikatuma barua. Nasema bila kujisifu (najisifu kidogo) kwamba barua nzuri kama ile haijatoka katika mji huu tangu volkeno iliyo juu yetu ianze kuwaka. Juu niliweka picha ya mama amekumbatia mbabula, anacheka; katikati maneno machache ya uchungu juu ya bei ya makala; chini lien. Niliwatumia kwaya nzima, darasa langu la jioni, wateja wa saluni ya shangazi, kila mutu wa Murara mwenye simu na macho.

Kosa lilikuwa dogo tu. Ningeweza kwenda kuoga, lakini nilifungua ukurasa wa hesabu kuangalia waliobonyeza. Sufuri. Nikanywa chai, nikaangalia tena. Wawili wamebonyeza. Moyo ukacheza kama uko kwenye harusi, mpaka nilipokumbuka kwamba wa kwanza ni mimi nikijaribu kama inafanya kazi, na wa pili ni mimi tena, kwa simu ya mama. Aliyenunua hakuna. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kuchukua walionunua na kuwagawanya kwa waliobonyeza, na kwa kugawanya nilikuwa wa kwanza darasani, pengine wa kwanza mkoa wote, kwa hiyo nikagawanya sufuri kwa wawili, nikapata jibu safi kabisa: Murara imekufa. (Mwalimu alisema pia kitu juu ya kungoja wawe wengi kabla ya kuhukumu, lakini jioni hiyo umeme ulikatika katikati ya sentensi na mimi nikahesabu somo limekwisha.)

Mutu mwingine angenyamaza. Mimi niliandika barua ya pili, ya hasira, na kwa kuwa mimi ni fundi sikuituma palepale, niliipanga itoke yenyewe saa kumi, wakati ambao ningekuwa nimekaa kikaoni kwa Mama Directrice kama mutu mukubwa. Mama alikuwa anabandika maharage kwenye mbabula ya mfano, akaniita nile kwanza. Nikamwambia maharage ni ya watu wenye muda. Nikapanda pikipiki.

Kule Himbi, Héritier ndiye aliyeanza kusema. Huyu ni muuzaji mwenzangu, viatu vyake vinang'aa mpaka unajiona ndani. Alisema ameuza kidogo, anangoja wiki iishe. Nikamhurumia. Zamu yangu ilipofika nilisimama.

"Mama Directrice, nimefanya hesabu. Murara haiuzi. Pale batu banapenda moshi."

"Ulibatumia lini?"

"Asubuhi, Mama."

"Asubuhi gani?"

"Hii."

Mama Directrice akaweka kalamu chini. Akaniuliza polepole, kama mutu anayeongea na mugonjwa: "Na umeshajua?"

"Nimesoma, Mama."

"Alisoma usiku," Héritier akasema, "pengine hakuona vizuri."

Walicheka wote. Ili waone kwamba niko mutu wa maamuzi, nikaongeza kwamba nimeshawaandikia wale watu, na saa kumi watapata habari yao. Mama Directrice akachukua ufunguo wa gari. "Twende unionyeshe hao batu ba moshi." Héritier akapanda nyuma bila kualikwa.

Karibu na kwetu gari ilikosa pa kupita. Watu walikuwa mpaka nje ya ukuta wa mawe, na mimi (hapa siongezi chumvi) nikajua ni msiba, nikajua ni mama. Niliruka kutoka kwenye gari nikasukuma watu mpaka uani, nikamkuta mama mzima, mwiko mkononi, amesimama kando ya mbabula. Kumzunguka walikaa kwaya, wateja wa shangazi, darasa langu, na mbele kabisa, kwenye kiti cha sebuleni kwetu, Papa Bahati, jirani yetu anayeuza fromage, yaani jibini, za kule Masisi.

"Kuko nini hapa?"

"Tuliona mail yako," Papa Bahati akasema. "Tunangoja maharage."

"Lakini hamukubonyeza, Papa."

"Nibonyeze kitu sijakiona kinapika? Weye, ng'ombe unaweza kumununua kwa picha? Yakiiva na makala kidogo ile iliyo mule, tunachukua."

"Toka asubuhi banakuya," mama akasema. "Ninakuita kwa simu, hupokei."

Nilimgeukia Mama Directrice nikiwa na tabasamu la chef wa Murara yote, na tabasamu lilikuwa bado usoni nilipokumbuka saa kumi. Nikatoa simu kuizuia ile barua. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Halafu simu ya Papa Bahati ikalia, ikafuata ya mama wa kwaya, kisha uani kote zikalia kama vifaranga.

Papa Bahati akavaa miwani. "Ni Justin tena."

"Papa, usisome."

"Juu ya nini nisisome? Ya kwanza ilikuwa muzuri."

Akasoma, kwa ile sauti anayosomea neno kanisani: "Wapendwa wa Murara. Niliwaletea mwanga, nyinyi mukachagua masizi. Hata mbuzi ukimuonyesha majani anasogea. Endeleeni kupika kwa mbabula za babu zenu, na machozi yenu yasiniulize kitu. Lien inafungwa leo."

Nilisikia maharage yakichemka. Mama aliweka mwiko chini.

"Justin, ni nani alikuandikia hii?"

"Ni mimi, Mama."

Papa Bahati alivua miwani, akaifuta na shati. "Nataka kuelewa. Mimi niko mbuzi, ao niko chini ya mbuzi?"

"Chini kidogo, Papa," Héritier akamjibu.

Mama wa kwaya ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita uani kote mpaka barabarani, na mimi nilisimama katikati nikitafuta moshi wa kujificha. Mama hakucheka. Alichota haragwe moja, akalibonyeza kwa vidole, akampa Papa Bahati sahani. Mzee akatafuna. Akatafuna tena, mutu wa Masisi hana haraka.

"Yameiva," akasema. "Sasa, hiyo lien umeifunga kweli?"

"Hapana, Papa. Sijui hata inafungwa namna gani."

"Basi leta simu yako. Vifurushi vyetu hatuvimalizi kwa mutu aliyetuita mbuzi."

Walipanga foleni, kila mmoja akabonyeza akiniuliza kama mbuzi wanaruhusiwa, simu yangu ikazima, tukaendelea na ya Héritier, aliyeishika yeye mwenyewe huku lien yangu inakula komisyon (nasema tu). Jua lilipozama mbabula za kampuni zilikuwa zimekwisha, na siku hiyo naiita ushindi, nani atanizuia. Halafu, hili nalisema kwa kifua mbele, barua yangu ya pili ilifunguliwa na Murara nzima, hakuna aliyebaki.

Mama Directrice alinipa Murara kwa masharti mawili: kila barua aisome kwanza mama yangu, na hesabu nimletee mwisho wa mwezi, si kabla. Nimeapa na ninashika. Nikishatuma barua, nampa mama simu, nabandika maharage, yale magumu ya Masisi, na sigusi ukurasa wa hesabu hata wakija kuniambia nimekuwa tajiri.

Papa Bahati bado hajanisamehe kabisa. Kila asubuhi akipita na fromage zake kichwani anasimama mbele ya ukuta wetu.

"Justin, lien ingali wazi?"

"Iko wazi, Papa," namjibu. "Chukua muda wako."