Siku Kinyozi Alipokalia Kiti cha Chama

Mume wangu ni kinyozi, na kama vinyozi wote anajua habari za kila nyumba isipokuwa yake. Mteja anakaa, anafunikwa shuka, na kabla upande mmoja wa kichwa haujaisha ameshamwaga ya moyoni yote. Yeye anaitikia "eeh" na "ala!" huku mashine inanguruma. Ndiyo maana chama chetu kilimpenda tangu alipojiunga. Watu wa kusema tunao wengi, wa kusikiliza ni adimu.

Chama chenyewe ni cha watu wa kawaida wanaojitolea. Tunakutana Alhamisi jioni kwenye darasa la shule ya msingi, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Tumezibua mitaro, tumepaka rangi mabenchi ya zahanati, tumekwenda kuchangia damu, mmoja wetu akazirai kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi yake. Simtaji, ila ni fundi baiskeli, na ana kifua kama mlango. Lakini tunachojulikana nacho hasa ni viti vya magurudumu. Vinaletwa vibovu, fundi anavifufua, mimi nashona vitambaa vya kukalia, kisha tunamwazima anayehitaji.

Mwenyekiti wetu ni nesi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Kuna wakati tulitoa kiti kilichoonekana kizuri, kikammwaga mama wa watu kwenye mteremko. Hakuumia sana, lakini nesi hakupata amani. Akaweka sharti: kiti hakitoki mpaka mwanachama mmoja akikalie siku nzima, kazini kwake, bila kusimama. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alituambia, na tangu hapo tunavijua kunguni wote. Muuza duka alikwama mlangoni kwake mwenyewe. Mwalimu aligundua kwamba hafiki ubaoni.

Zamu ya mume wangu iliangukia wiki ambayo nyumbani hatukuwa na raha.

Tunaishi na baba mkwe. Naye alikuwa kinyozi, duka ni lake, na mtaa mzima unamwita Mzee Wembe. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, mkono na mguu vikalegea. Mkono wa kulia ulibaki mzima, na ulimi, ashukuriwe Mola, haukuguswa hata kidogo. Daktari alisema atoke, aone watu, asizame chumbani. Chama kikatupa kiti kizuri kabisa. Mzee alikitazama kama mtu aliyeletewa jeneza.

"Maisha yangu yote nimekalisha watu kwenye kiti," alisema. "Leo mimi ndiye nisukumwe barabarani kama gunia? Kitoeni."

Hatukukitoa. Kilikaa nyuma ya cherehani yangu, na kwa kuwa nashona sare za shule na sina pa kuzitundika, kikawa cha kutundikia sare. Mzee hakuvuka tena kizingiti cha nyumba. Kila jioni mume wangu alimwendea na habari za dukani, na kila jioni mzee alisikiliza kidogo kuliko jana, mwisho akawa anageukia ukutani. Alikuwa anatuzimikia hivihivi tunamwona. Mume wangu alianza kujikata vidole kwa mikasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Tena tulikuwa na kosa letu. Mzee alipokuwa hospitali, kaka yake alifariki, na sisi tukamficha, eti apate nguvu kwanza. Akaja kuambiwa na mgeni aliyempa pole. Tangu siku hiyo ukimwambia kumekucha, anataka kwanza afungue dirisha ajionee.

Basi asubuhi ya zamu yake, mume wangu alijisukuma mwenyewe hadi dukani, anatweta, anatukana mawe kimoyomoyo. Nyuma ya kiti fundi baiskeli alikuwa amefunga kipande cha boksi kilichoandikwa KITI CHA MAJARIBIO. Sasa, kinyozi akiona mgongo wa kiti, mkono unatundika shuka wenyewe. Akatundika shuka. Maandishi yote yakafunikwa.

Mama muuza mboga alipita na beseni lake, akachungulia dirishani kusalimia kama kawaida, akamwona kinyozi kwenye kiti cha magurudumu, anamnyoa mtu huku amenyoosha mkono kama anachuma tunda. Hakuuliza. Alikuja kwangu mbio, beseni bado kichwani.

"Shoga, pole! Pole sana! Mbona hamkutuambia? Kijana wa watu, miguu yote miwili!"

Nilianza kucheka. Nikamweleza mambo ya chama, akashika mdomo, tukacheka wote hadi nikaacha cherehani. Lakini nyumba yetu kuta zake ni nyembamba, na "miguu yote miwili" ilikuwa imeshafika chumbani.

"Binti!" Sauti ya mzee. "Mwanangu amepatwa na nini?"

Nikaingia haraka. Alikuwa amekaa kitandani, peke yake, bila kuinuliwa na mtu.

"Hajapatwa na kitu, Baba. Ni mambo ya chama tu. Anakijaribu kiti, jioni anasimama."

"Eeh. Na kaka yangu naye alikuwa amesafiri."

Maneno hayo yalinichoma, maana yalikuwa haki yangu. Nikaapa. Nikamwita mama muuza mboga aje aseme, naye kwa kutaka kusaidia akasema kwa sauti ya msibani, "Ni mzima kabisa, Mzee, usiwe na wasiwasi," na hapo hata mimi nisingemwamini.

Mzee alishusha mguu mzima chini, kisha akaushusha ule mwingine kwa mkono.

"Kile kiti chenu kiko wapi?"

Nilirusha sare kila upande. Sketi za watu zikaenda sakafuni. Tukamkalisha, mama muuza mboga akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukatoka.

Nilikuwa nimeshayawaza matembezi hayo mara nyingi: tutachagua saa tulivu, tutapita njia ya nyuma, nitamfunika miguu. Wapi! Tulipita katikati ya barabara, mzee ana singlendi na uso wa kesi. "Shimo hilo! Kulia! Unasukuma au unasindikiza?" Watu walisimama. "Shikamoo, Mzee Wembe! Tumekukosa!" Naye: "Marahaba, marahaba, sina nafasi." Fundi viatu alitaka kumshika mkono, akaambiwa asubiri. Halafu akanyamaza, midomo inacheza, kidole kinapima kitu hewani. Nilidhani anasali.

Dukani kulikuwa na mteja mmoja, kondakta, nusu kichwa kimenyolewa. Mume wangu aligeuka akamwona baba yake mlangoni, barabarani, mchana kweupe. Akasahau sharti la chama. Akasimama.

Mashine iliendelea kunguruma mkononi mwake. Mzee alimtazama miguuni, akapandisha macho taratibu, akayashusha tena. Machozi yalimtoka waziwazi wala hakuyafuta. Nikajua sasa linakuja tusi ambalo mtaa utalisimulia.

"Kaa," alisema.

"Baba, mimi mzima, ni chama tu..."

"Nimeona kwamba u mzima. Kaa! Nimekuja nawaza njia nzima jinsi utakavyokula, sasa nisikilize. Huyu umemweka juu, mkono wako unachoka, na kisogo hukifikii. Ndiyo maana umemfanyia vile pale nyuma."

"Amenifanyia vipi?" aliuliza kondakta, akipapasa kisogo.

"Mteja anakaa chini, kwenye kigoda. Wewe unabaki juu. Humzunguki, unamzungusha yeye."

Mume wangu alikaa. Alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yule mtu wa kuitikia "eeh" alijua la kusema.

"Nionyeshe, Baba."

Kondakta alihamishiwa kwenye kigoda huku analalamika kwamba alikuja kunyolewa, hakuja kufanyiwa majaribio. "Baba yako nilimnyoa siku anaoa," mzee alimjibu. "Tulia." Mume wangu alimwekea mashine kwenye mkono wa kulia. Mkono uliipima uzito, ukagusa kichwa, ukaanza kazi. Alinyoa polepole, anamgeuza yule kijana kwa kiwiko, anapuliza nywele, anamkemea asicheke. Mimi nilishika kioo, na nilikuwa nalia kiasi kwamba kondakta aliniuliza kama kichwa chake kimeharibika sana.

Hakikuharibika. Alikiangalia huku na huku, akasema, "Mzee, kesho namleta mdogo wangu."

Alhamisi mume wangu alitoa taarifa: gurudumu la kulia linavutia pembeni, breki ni kali, na mwanachama alisimama kabla ya muda. Nesi alisema sharti ni sharti, arudie. Amerudia, na safari hii boksi limening'inizwa mbele, kifuani.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Asubuhi iliyofuata ile siku, nilikuwa jikoni nachemsha maji, nikasikia ukuta wa chumbani unagongwa kwa kiganja.

"Binti! Toa sare zako kwenye kiti changu. Nachelewa kazini."